Sehemu ya 9: Pesa za karafuu na chupa ya naitrasi

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kujibu. Wiki hii nimechelewa, zamu za usiku zilinibana. Leo naandika na hasira kidogo, mtanistahamilia.

Mwenzetu mmoja hapa Mgogoni (kaniruhusu nihadithie, jina nalificha) kanifata juzi na simu mkononi. Mwanawe yuko Maskati, ana miaka 24, kanunua gari la mbio. Sasa anataka kulifungia naitrasi ili likimbie zaidi, na pesa hazijatimia. Kamtumia mama sauti: "Niongezee kidogo kwenye pesa za karafuu, nitakurudishia. Usiwe na wasiwasi mama, nimechagua mfumo salama."

Mama akaniuliza: "Nesi, mbona nasikia gesi hii hata hospitali wanayo? Basi si salama?"

Kabla sijajibu, mjomba mtu alokuwa pembeni akadakia: "Mambo ya magari hayo, wanawake hayawahusu."

Hayatuhusu? Kijana akivunjika uti wa mgongo, nani atakayemlisha kwa kijiko? Nani atamgeuza kitandani kila saa mbili asiote vidonda? Nani atamfulia mashuka? Mimi miaka yote hii wodini nawaona mama, dada na mke. Wajomba huja saa ya kutazama wagonjwa, wakaondoka. Basi yanatuhusu, na leo tutayasema.

Kwanza, gesi yenyewe. Jina lake naitrasi oksaidi, wengine huiita gesi ya kuchekesha. Joseph Priestley wa Uingereza aliitengeneza mwaka 1772. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuivuta. Mpaka leo nchi nyingi humpa mzazi aliye kwenye uchungu, imechanganywa nusu kwa nusu na oksijeni. Ni kweli basi, hospitali ipo. Lakini sikiliza: hospitali inakuwa salama kwa sababu ina kipimo, ina oksijeni pamoja nayo, na kuna mtu amesimama anakutazama uso. Ondoa hayo matatu, gesi ileile inaua. Usalama haumo ndani ya chupa.

Kwenye gari inafanya nini? Si mafuta, haiwaki yenyewe. Ikiingia ndani ya injini, joto linaipasua na kuachia oksijeni. Oksijeni ikizidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua kwa mara moja, na gari linaruka. Ndiyo siri yote. Na hatari ya kwanza imo humohumo: gesi ikiingia nyingi na petroli ikawa chache, moto unapanda kupita kiasi na pistoni zinayeyuka.

Sasa wewe mama, usikae ukasema "mie sijui magari". Mtungi wa gesi wa jikoni si unaujua? Si unauliza mpira umechakaa, unanusa, unaufunga usiku? Akili ni hiyohiyo. Kabla hujatuma hata shilingi, muulize mwanao maswali haya matano.

La kwanza: chupa itakaa wapi? Ndani ya chupa hiyo kuna presha karibu mara 30 ya tairi la gari. Gesi hii ikipita joto la nyuzi 36 haikai tena kama maji ndani ya chupa, na presha inapanda kwa kasi. Maskati wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 kivulini, seuze ndani ya gari lililofungwa vioo juani! Kwa hiyo chupa lazima ifungwe kwa vyuma imara, iwe na vali ya kupunguza presha, na bomba la vali hiyo litoke nje ya gari, lisimwage gesi kwa dereva. Chupa iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kiti ni bomu.

La pili: petroli ya ziada inatoka wapi, na ikikatika, nini kinaifunga gesi? Kuna mifumo inayopuliza gesi na petroli pamoja, na kuna inayopuliza gesi tu ikaiachia injini iongeze petroli yenyewe. Wowote atakaochagua, pawe na swichi inayokata gesi presha ya petroli ikishuka, na nyingine inayoruhusu gesi pale tu anapokanyaga mafuta mpaka mwisho. Kitufe kimoja cha kubonyeza kwa kidole, basi? Huo si mfumo salama, hata wakiuchora dhahabu.

La tatu: dozi gani? Mimi nesi, neno hili nalijua. Mtoto hapewi dozi ya baba yake. Injini iliyotoka kiwandani inaanza na kidogo, nguvu za farasi 50 hivi, tena kwa fundi anayepima kwa mashine. Anayeanza na 150 kwa sababu rafiki yake anazo 150, huyo kalewa sifa.

La nne: breki, tairi na mkanda vikoje? Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Si mbili, nne. Aliyenunua chupa mpya na breki zake kuukuu, kanunua ajali.

La tano, na ndilo kubwa: atakimbia wapi? Huko Ghuba viwanja vya mbio vipo. Abu Dhabi kuna Yas Marina, watu hushindana kwa usiku maalumu, kuna kofia ngumu, kuna zimamoto, kuna gari la wagonjwa linasubiri. Akisema uwanjani, kaeni mzungumze. Akisema barabarani usiku na wenzake, hapo hakuna mfumo salama duniani. Chupa inaweza ikawa bora kuliko zote, lakini mama anayevuka barabara na watoto wake hakuchagua mfumo wowote.

Najua kuna wa kuniambia, "Nesi, unawanyima vijana raha." Hasha. Mwacheni afurahi, lakini asimlipishe mwenzake raha yake. Tena msijidai hii ni ya Maskati tu. Hapa kwetu kijana anatoa pesa kukata bomba la pikipiki lipige kelele, kofia ngumu hana, na nyuma kampakia mdogo wake wa miaka saba. Pesa ya mbio ipo, ya kuhifadhi roho haipo. Na mara nyingi pesa hiyo katoa mama!

Jambo moja la pembeni lakini zito: wapo vijana wanaoivuta gesi hii kwenye mapulizo kama starehe. Inanyima ubongo oksijeni, na wanaoivuta mara kwa mara huharibiwa vitamini B12 mpaka miguu inakufa ganzi na kushindwa kutembea. Uingereza mwaka 2023 waliiweka kwenye orodha ya dawa za kulevya zilizopigwa marufuku kuwa nazo kwa starehe. Ya magari mara nyingi hutiwa na gesi nyingine ya kuchoma koo ili watu wasiivute. Ukiona vichupa vidogo vya chuma chini ya kitanda, uliza.

Yule mwenzetu kamtumia mwanawe maswali yote matano kwa sauti. Kajibu mawili. La tano kalipita kama hakulisikia. Mama kamrudishia: "Mwanangu, karafuu hizi nimezichuma na kuzianika kwa mgongo huu. Breki nitakuchangia. Chupa, hapana." Kijana kanuna siku tatu. Jana kapiga simu, kauliza hali ya bibi yake.

Kununa kunapona, mama zangu. Niliyoyaona wodini mengi hayaponi.

Nakilini maswali, mtumieni aliyeko mbali na aliyeko hapa nyumbani. Sehemu ya 10 inshaallah: kunyonyesha ndani ya Ramadhani. Zamu inaniita.