Ndoa ya Ferdinand na Isabella Isisifiwe Hivi

Wako walimu wenzangu wasemao darasani, hata arusini, kwamba Isabella wa Castile na Ferdinand wa Aragon walipooana huko Valladolid tarehe 19 Oktoba 1469, Mungu aliunganisha nchi mbili kuwa Hispania moja. Kwamba dola kubwa ilitoka humo, sibishi. Bali neno la kwamba Mungu aliziunganisha, nalikataa.

Babu zao walikuwa ndugu, wala hawakuruhusiwa kuoana bila idhini ya Papa. Basi ikasomwa hati yenye jina la Papa Pius wa Pili, aliyekufa 1464, nayo ilikuwa ya kughushi. Idhini ya kweli ilipatikana 1471, binti yao wa kwanza amekwisha kuzaliwa. Nani kwetu angeipokea barua ya namna hiyo?

Tena, umoja gani? Castile ilibaki na sheria zake na fedha zake, Aragon vivyo hivyo. Isabella alipokufa 1504, Ferdinand alioa mke mwingine, akamzalia mwana mwaka 1509. Mtoto yule aliishi saa chache tu. Kama angaliishi, angalirithi Aragon, na nchi zile zingalitengana.

Linaloniuma zaidi ni habari ya dini. Granada ilipotaka amani mwishoni mwa 1491, wafalme hao waliwaahidi Waislamu kwa maandishi kwamba wataachiwa misikiti yao na makadhi wao. Ilipofika 1502, Waislamu wa Castile yote wakaamriwa: ubatizo au kuhama. Wayahudi walikuwa wamekwisha kufukuzwa kwa amri ya 31 Machi 1492. Walipewa miezi minne, wasichukue dhahabu wala fedha. Sisi tulifundishwa kwanza, kisha tukaulizwa mbele ya kanisa kama twataka. Wale hawakuulizwa. Nao waliobatizwa kwa hofu wakawindwa na mahakama ya kuchunguza imani, na hiyo ndiyo iliyotawala kotekote, Castile na Aragon.

Watu hujibu kwamba ndivyo zilivyokuwa nyakati zile. Sivyo! Hernando de Talavera, askofu mkuu wa kwanza wa Granada, aliyekuwa amemwungamisha malkia mwenyewe, aliwataka makasisi wake wajifunze Kiarabu, wawafundishe watu kwa upole. Cisneros alipofika huko 1499, njia hiyo iliachwa. Baadaye Talavera naye, mzee sana, alishtakiwa mbele ya mahakama ile ile.