Nafasi ya Mahindi

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na wapagazi walinunua nafaka ya mashamba ya Wanyamwezi. Basi sisi tuyapandeje mahindi? Wengine husema, "Mistari ikikaribiana, tutavuna zaidi." Hesabuni, watoto. Mistari ya sentimeta 75, mche mmoja kila sentimeta 30. Au mistari ya sentimeta 90, miche miwili kila sentimeta 50: kwa hektari moja zote mbili ni miche 44,444. Mimi nachagua mistari ya 90, kwa kuwa jembe hupita bila kukata mizizi, na kunde hupata mahali katikati. Lakini anayeisonga miche kupita kiasi hicho, mvua ikikatika, hunyang'anyana maji, na ghala lake hubaki tupu.