Kizimba Bila Jani Bichi

Mtu aliyepewa idhini na serikali ya kumweka mnyama atambaaye wa mitini nyuma ya wavu wa waya, awe ni mwenye bustani ya nyoka inayopokea wageni au msimamizi wa jumba la makumbusho, amejitwika dhima isiyoishia kwenye chakula na kufuli. Kwani mnyama huyo ametolewa mitini, na asipopewa mti mwingine ulio hai, uliopachikwa barabara hata ukashika mizizi na kuchipua, amenyimwa kwa mkupuo mmoja maji yake, maficho yake na njia yake ya kupitia. Rai yangu ni kwamba kibali cha kufuga kisitolewe, wala kisihuishwe, mahali ambapo kizimba hakina mimea hai.

Sisi wa Molo, nchini Kenya, hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Tunakaa yapata mita 2,500 juu ya bahari, kwenye mabega ya Mau, ambako usiku baridi huuma na alfajiri nyua zetu za kaiyaba na misaipras hulowa umande. Katika nyanda hizi za juu yupo kinyonga mdogo ambaye wataalamu humwita kwa jina la Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria aliyefuatana na Samuel Teleki katika safari ya 1887 na 1888. Kinyonga huyu hatagi mayai; huzaa watoto walio hai, jambo linalofaa mno katika nchi ambayo udongo wake ni baridi kupita kiasi cha kuangua yai. Jua likichomoza, yeye hujigeuza rangi akawa mweusi upande mmoja ili aote joto, kisha husogea kwenye ncha ya jani na kulamba tone la umande, akatulia, akalamba jingine. Bakuli la maji yaliyotulia aghalabu halitambui kuwa ni maji. Anaweza kufa kwa kiu akiwa amesimama juu yake.

Nimepata kuona, katika bustani moja ambayo sina haja ya kuitaja, kinyonga wa namna hiyo amewekwa katika sanduku la kioo pamoja na maua ya plastiki yaliyofungwa kwa waya. Macho yake yalikuwa yamedidimia, nayo ndiyo alama ya kiu kwa wanyama hawa. Jani la plastiki, hata likinyunyiziwa, hukauka upesi na halirudishi chochote hewani, ilhali jani bichi hutoa mvuke mchana kutwa na huyazuia matone mahali ambapo ulimi wa kinyonga unayatafuta. Fauka ya hayo, lile sanduku la kioo lilikuwa limefunga hewa. Kizimba chake yapasa kiwe cha wavu, upepo upite.

Ama kuhusu kupachika, hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kuchomeka tawi lililokatwa kunatosha. Mmea wenye mizizi ya udongoni ubaki katika chungu chake, na chungu kizikwe sakafuni. Lakini mimea iotayo juu ya miti, kama vile makangaga madogo na okidi, hutaka gome. Litafutwe gogo la mwerezi au la mzeituni wa mwituni lenye gome la kukwaruza, mizizi izungushiwe yale majani laini ya kijani yaotayo penye unyevu, kisha ifungwe kwa kamba ya katani, kwa kukaza kiasi tu cha kutotikisika. Katani ina fadhila yake: huoza polepole, na hadi ikatike, baada ya miezi kadhaa, mizizi imekwisha kulishika gogo yenyewe. Waya huota kutu na kulikata shina. Uzi wa nailoni ni mbaya zaidi, maana kinyonga hushika tawi kwa vidole vilivyoumbwa mithili ya koleo, na uzi huo ukivinasa humkata hata kwenye mfupa.

Mmea wowote uoshwe na kuwekwa kando majuma kadhaa kabla ya kuingizwa, hasa katika eneo letu la viazi vinavyopuliziwa dawa mara kwa mara wakati wa mvua. Hata pareto, zao ambalo limewasomesha watoto wengi wa Molo, lisikaribishwe kizimbani: sumu iliyomo katika ua lake huua wadudu, nao wadudu ndio riziki ya kinyonga.

Kwa anayeona kuwa haya ni anasa, na akumbuke yaliyotokea mwaka 1972, shehena ya vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya ilipofika Hawaii. Walifika wamekonda na wamekaukiwa, na mwenye duka aliyewaagiza akawafungulia katika bustani ya nyumba yake huko Kaneohe ili wapate nafuu. Majani mabichi yaliwafufua, wakaenda zao, wakazaana, na leo wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa hivyo, balaa ambayo watu wa huko bado wanahangaika nayo. Kenya ilipiga marufuku biashara ya kuwasafirisha vinyonga mwaka 1981, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwitu bila kibali. Sheria hiyo ni njema. Upungufu nauona katika ukaguzi, ambao huhesabu wanyama na kupima vizimba pasipo kutazama kilichopandwa ndani.

Wala isifikiriwe kwamba nawatuma watu wakaupore msitu wa Mau, ambao umekwisha kupoteza zaidi ya hekta 100,000. Okidi zilizo hai mtini ziachwe mtini. Baada ya dhoruba matawi huanguka yakiwa na makangaga juu yake, na kwa ruhusa ya wenye kuulinda msitu hayo yanatosha. Basi mkaguzi anapofika, na afungue mlango wa kizimba, ashike mmea uliopachikwa na kuuvuta kidogo: ukisalia pale pale, mizizi imeshika, ukimfuata mkononi, ujue umewekwa jana kwa ajili yake.