Ploti Zisigeuzwe Kimya Kimya



Mwenye ploti hapa Kibwezi akitaka nyumba za kupanga ziwe maduka au gesti, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yamtaka aombe ruhusa kwa Serikali ya Kaunti ya Makueni, tena autangazie umma ili wenye pingamizi waseme. Hatumkatazi mtu mali yake. Lakini tangazo la Kiingereza gazetini litamfikia nani, na mpangaji yuko relini na sururu tangu alfajiri? Libandikwe stesheni na sokoni, kwa Kiswahili na Kikamba.

Mkiliona, andikeni pingamizi upesi, mweke nakala. Ruhusa ikishatolewa, rufani kwa kamati ya kaunti ina siku 14 tu. Asiyeweza kuandika aje tawini Jumamosi, tutamwandikia.