Aliingia Gerezani Kutafuta Hadithi

Sinema ikikupendeza, msomaji, humsifu mwigizaji. Je, aliyeitunga wamjua?

Frances Marion alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1888. Enzi za sinema bubu alimwandikia nyota Mary Pickford michezo kadhaa, ukiwemo The Poor Little Rich Girl wa 1917.

Mwaka wa 1928 mumewe Fred Thomson, mwigizaji wa picha za kaboi, alifariki akiwa na miaka 38 tu, akamwachia wana wawili wadogo. Bi. Marion hakuitupa kalamu. Sinema nazo zilikuwa zimeanza kusema, na watazamaji sasa walitaka kusikia maneno ya watu wa kweli. Alipotakiwa kutunga The Big House, hadithi ya wafungwa, alifunga safari hadi gereza la San Quentin kujionea maisha ya humo. Sinema hiyo ya 1930 ilimpa tuzo ya Oscar, akawa mwanamke wa kwanza kuipata kwa uandishi. The Champ ya 1931 ikampa ya pili.

Nawe mwanafunzi unayetamani kutunga, usijifungie chumbani ukibuni tu. Toka, uone, usikie, ndipo uandike.