Presha Haisubiri Msimu wa Korosho

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, wa Ndanda, Lulindi, Kitangari na Mnyambe, nina ombi moja ninalotaka lifike kwenye mkutano wa kila AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Chama kinunue mashine ya kupimia presha, na wanachama wakubaliane makato madogo kwa ajili ya mfuko wa dawa. Najua neno makato linavyopokelewa huku kwetu. Naomba mnisikilize kwanza.

Julai 2020 tulimzika Mzee Benjamin Mkapa kijijini kwake Lupaso, na familia ikaeleza kuwa moyo wake ulisimama ghafla. Haikupita miezi minane, tarehe 17 Machi 2021, tukatangaziwa kifo cha Rais John Magufuli, kwa maradhi ya moyo aliyoishi nayo zaidi ya miaka kumi. Hao walikuwa watu wenye madaktari karibu nao saa zote. Huku kwetu mtu akianguka chini ya mkorosho, kabla hata hajafikishwa zahanati, tumeshaanza kuulizana alikosana na nani. Siwadharau wazee kwa kusema hivyo. Msiba wa ghafla unauma, na moyo wa mfiwa lazima utafute sababu. Ila mara nyingi sababu ilikuwa mwilini mwa marehemu miaka mingi, na hakuna aliyempima.

Watu wa Newala hawana haja ya kufundishwa kazi ya pampu. Maji tunayokunywa huku juu yanasukumwa kutoka bondeni Mitema, na pampu inayolazimishwa kusukuma kupita kiasi huchakaa kabla ya siku zake. Moyo nao ndivyo ulivyo. Presha ikikaa juu mwaka hadi mwaka, msuli wa moyo hunenepa kwa kazi ya ziada, halafu huchoka: miguu inavimba, ngazi mbili tu mtu anahema, usiku hawezi kulala bila kuinuliwa mito. Mishipa nayo hukakamaa na kuziba. Ukiziba wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiziba au kupasuka wa ubongo, ni kiharusi. Na muda wote huo presha yenyewe haiumi, kwa hiyo mwenye nayo anapita mbele ya zahanati akienda zake shamba.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Itazame foleni ya wauzaji ghalani, uhesabu kila wa nne. Ndiyo maana nasema mashine ikae pale pale kwenye chama, ambako wanaume wasiokanyaga zahanati wanafika wenyewe. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kupima. Mtu akae kwanza dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu isipandane, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, asiongee. Asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa. Apimwe mara mbili. Akikutwa 140 kwa 90 au zaidi, arudi siku nyingine, na ikibaki hivyo aende kwa daktari.

Kupima ni rahisi. Kinachotuua huku ni dawa kukatika. Desemba pesa ya korosho ikiingia, mgonjwa ananunua dawa, anameza, presha inashuka, anajisikia mzima. Ikifika Machi, pesa imekwisha, mazao bado yako shambani, na kati ya unga na vidonge familia inachagua unga. Nani atawalaumu? Lakini dawa ya presha ikiachwa, presha inarudi, na anaweza kupigwa kiharusi hata kabla mikorosho haijatoa maua. Wengine hugawana vidonge na jirani, au wanameza siku za kuumwa kichwa tu. Dawa hizi ni za kila siku, na mwenye haki ya kuzibadilisha au kuzisimamisha ni daktari.

Kwa hiyo tufanye hesabu. Chama kinachouza tani 500 kwa msimu kikikata shilingi 5 kwa kilo, kinapata shilingi milioni 2.5. Kwa mkulima wa kilo 400, hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwaka mzima. Pesa iingie akaunti yake pekee, isichanganywe na posho wala usafiri wa viongozi, na taarifa yake isomwe mbele ya wanachama wote. Daftari la wagonjwa likae zahanati, kwa siri inayostahili. Dawa inapokosekana zahanati, mfuko ulipe duka la dawa lililokubaliwa. Na mjane asiye na mkorosho hata mmoja aandikwe pia, maana wengi wao ndio waliotubangulia na kutuokotea.

Mfuko huo uwatazame na watoto. Mtoto mwenye koo lililovimba na homa tunampa maji ya chumvi, tunasubiri. Koo likiwa na bakteria na lisipotibiwa kwa antibayotiki, wapo ambao maradhi hugeukia viungo na valvu za moyo. Akigundulika mapema, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, inauzuia moyo usiharibike zaidi. Akichelewa, anahitaji upasuaji, na upasuaji huo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Nauli ya mama na mtoto isiwe kitu cha kupitishia bakuli msikitini na kanisani.

Chumvi, tumbaku na gongo ya mabibo mmeshaambiwa. Naongeza moja tu: ng'onda aloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, na tusiongeze chumvi mezani.

Halafu tupange usafiri. Kwa wajawazito, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama umeonyesha kuwa dereva wa mtaani akijulikana mapema, maisha yanaokolewa. Kila kitongoji kichague gari na dereva. Kifua kikibana katikati na jasho baridi likatoka, uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakakwama, safari ya kwanza iwe hospitali, saa hiyo hiyo: Mkomaindo, Ndanda au Newala, iliyo karibu. Maombi na dua vifanyike njiani.

Wenyeviti wa AMCOS, ajenda ni yenu kuiweka. Wanachama, msipoiona kwenye barua ya mkutano, nyosheni mkono kwenye mengineyo mdai isomwe, na wataalamu wa zahanati waitwe siku hiyo waje na mashine, waanze kupima na meza kuu.