UCHAMBUZI: Siri ya miamba ya Ziwa Victoria isisomwe ng'ambo pekee

Mlima Homa, unaoonekana ng'ambo ya Ghuba ya Winam na wakazi wa Kisumu wanaopunga upepo ufuoni, si kilima cha kawaida. Pamoja na vilima vya Ruri katika Kaunti hiyo ya Homa Bay, mlima huo ni mabaki ya volkano zilizotoa kabonataiti, mwamba adimu wenye asili ya makumi ya kilomita chini ya ardhi.

Miamba ya aina hiyo ndiyo hubeba madini yanayong'ang'aniwa na mataifa makubwa kwa utengenezaji wa simu, magari ya umeme na silaha. Mrima, huko Kwale, ni mfano ambao Wakenya wameuzoea kutokana na mivutano ya leseni.

Hata hivyo, swali la jinsi mwamba huo ulivyoundwa haliwezi kujibiwa kwa jembe wala nyundo. Katika kina cha kilomita 100, shinikizo hufikia takriban mara 30,000 ya lile la hewa tunayovuta, na joto hupita nyuzi 1,000. Ni lazima hali hiyo iigwe maabarani.

Chombo mashuhuri zaidi katika kazi hiyo ni kidogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Almasi mbili zilizochongwa huelekezwa ncha kwa ncha, chembe ya kitu kinachochunguzwa ikawekwa katikati, kisha skrubu zikakazwa. Kwa kuwa ncha hizo ni ndogo mno, nguvu ya mkono huzaa shinikizo la kutisha. Kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, miale ya leza huweza kupenya na kuchoma chembe hiyo huku mtafiti akiitazama.

Chombo hicho kilibuniwa katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mojawapo ya sababu za kufaulu kwake ni kuwa watafiti walipewa bure almasi zilizonaswa kutoka kwa walanguzi. Mwaka wa 2010, wanasayansi wa Japani walikitumia kufikia shinikizo na joto la kiini cha dunia.

Kinaya ni kuwa Afrika Mashariki haikosi almasi. Mgodi wa Mwadui ulioko Shinyanga, kusini mwa Ziwa Victoria, umejulikana tangu mwaka wa 1940. Rubi, ambayo chembe yake huwekwa ndani ya chombo hicho ili kupima shinikizo kwa rangi ya mwanga wake, huchimbwa Mangare, Taita Taveta. Mawe husafiri na elimu yake husalia yanakokwenda.

Hii haimaanishi kwamba Wakenya wamelala. Mwaka wa 2012, Eldoret ilikuwa mwenyeji wa awamu ya pili ya ASESMA, shule ya Kiafrika inayofundisha kukadiria tabia za vitu kwa kompyuta, baada ya ile ya Cape Town ya mwaka wa 2010. Wanafizikia kama George Amolo na Nicholas Makau wamelea kizazi cha watafiti wanaokokotoa kwa programu zisizolipiwa yale ambayo wenzao wa Ulaya huyapima kwa mitambo.

Njia hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka wa 2017, wanahesabu walitabiri kuwa mchanganyiko wa lanthani na hidrojeni ungepitisha umeme bila ukinzani ukikandamizwa vikali. Miaka miwili baadaye, majaribio ndani ya almasi yalithibitisha hayo kwenye baridi isiyozidi ile ya jokofu la nguvu.

Lakini hesabu bila kipimo ni sawa na shahidi asiyehojiwa. Dunia ilikumbushwa hilo mwaka wa 2023, jarida la Nature lilipoondoa makala ya Ranga Dias wa Chuo Kikuu cha Rochester, aliyedai kupata maajabu kama hayo katika joto la kawaida la chumba. Watafiti wengine walijaribu bila kufaulu. Maabara zikiwa chache, uongo huishi maisha marefu.

Kikwazo kikubwa ni mwanga. Vipimo vya ndani kabisa huhitaji eksirei kali kutoka mtambo mkubwa uitwao sinkrotroni, na Afrika haina hata mmoja. Kampeni ya kuujenga imekuwepo tangu kongamano la Grenoble, Ufaransa, la mwaka wa 2015. Jordan ilizindua wake, SESAME, mwaka wa 2017, kwa ushirikiano wa nchi ambazo baadhi yake ni mahasimu wa kisiasa. Afrika Kusini, kwa upande wake, ilijiunga mwaka wa 2013 na mtambo wa Grenoble kama mshirika.

Kenya haihitaji kusubiri mabilioni. Chombo cha almasi, hadubini na leza ndogo ya kusomea rubi vinaweza kuwekwa katika chumba kimoja cha chuo kikuu. Maseno iko nje kidogo ya Kisumu, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo. Vyote viko karibu na miamba yenyewe. Sampuli zikiandaliwa na kuchunguzwa hapa kwanza, mtafiti atakwenda ng'ambo akiwa mshirika, si mbeba mawe.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo haijatimizwa. Ikiendelea kuwa maandishi tu, siku wawekezaji watakapobisha Homa na Ruri wakiwa na ripoti zao, serikali ya kaunti haitakuwa na wa kuzisoma kwa jicho la kudadisi. Asiyejua thamani ya mali yake hupangiwa bei na mnunuzi.